Swichi Nyekundu ya Kaka Yangu

Mama yangu alitolewa mahari. Nasema hivyo mapema kwa sababu katika ukoo wetu kuna watu ambao mpaka leo wanajifanya hamnazo. Mahari yake ililetwa mbele ya wazee, Eldoret, wakati baba yangu alikuwa mkimbizi kule, na mke wake wa kwanza, ambaye sisi tunamwita mama mkubwa, alikuwa amebaki hapa Juba na watoto wake. Picha ya siku ile ipo. Mama amevaa gauni la kuazima, baba amemwekea mkono begani, na wazee wamekaa nyuma na nyuso za watu walioshiba. Baada ya hapo aliishi na baba mpaka siku baba alipofumba macho.

Baba alipofariki tukaanza kujiandaa kwa arobaini. Siku hiyo kwetu hufanywa karama: watu wanapikiwa, wanasali, na kila mgeni anapewa kijitabu chenye maisha ya marehemu, picha zake, wake zake na watoto wake kwa mpangilio. Kijitabu hicho si karatasi ya kujipepea. Watu wanakiweka sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo, na miaka mingi baadaye mtu akiuliza fulani ni nani katika nyumba ile, kinatolewa, kinafunguliwa, kalas, maneno yameisha.

Kazi ya kukitengeneza aliichukua kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama mkubwa. Ana karakana ya kompyuta kule Buluk na watu wanamwita Injinia, jina analolipenda kuliko lile la ubatizo. Jumapili alikuja kwangu Atlabara kumsalimia mama yangu, mpole kama katekista, akanywa chai, akaaga. Alipotoka tu, kijitabu kikaingia kwenye simu yangu. Nikafungua. Ukurasa wa pili: mke, mmoja. Nikaendelea kupekua. Sisi watoto wa mama yangu tulikuwemo, mwishoni mwa orodha, bila kusemwa tumetoka tumbo gani. Mama mwenyewe nilimkuta ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya "Shukrani kwa waliomhudumia marehemu". Muuguzi, kaandikwa. Baada ya dereva wa ambulensi na kabla ya wapishi.

Muuguzi! Mwanamke aliyemzalia watoto watano! Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Yeye alikulia Uganda na Kiswahili chake ni cha huko. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipiga mswaki.

"Mimi iko mzee, mimi hapana taka kelele," akasema. "Wewe iko na kompyuta. Andika yako, weka mama yako, na ile picha ya mahari mimi nataka ona ndani. Lete Ijumaa mbele ya saa sita. Kama saa sita inapita na kitabu hapana, sisi tunachapa ya kaka yako."

Picha yenyewe ya karatasi ililiwa na mchwa zamani. Nakala pekee iliyobaki ilikuwa ndani ya kompyuta yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, anachagua mchele kwenye ungo. Mama hajui kusoma, lakini habari ya kijitabu ilikuwa imeshamfikia. Habari mbaya haihitaji kusomewa.

"Nimo?" akaniuliza.

"Utakuwemo," nikasema. "Na Injinia atanitambua."

Kompyuta ile niliijenga mwenyewe, kwa mikono hii. Kasha lake nilinunua kwenye mnada wa ofisi moja iliyokuwa inafunga virago. Bodi kubwa, ile ambayo kila kitu kinachomekwa juu yake, ilitoka Nairobi kwa basi, imefungwa ndani ya blanketi, ikapita mpakani Nimule bila mtu kuigusa. Memori, feni, diski, nilitafuta kimoja kimoja mpaka vikatimia. Injinia alipopata habari alicheka mpaka akashika kiuno. "Dada, hii si kusuka nywele," akasema. Nilifunga kila skrubu mwenyewe na ikawaka mara ya kwanza, na tangu siku hiyo ndiyo ninayotengenezea kadi za harusi na programu za mazishi za nusu ya Atlabara. Hajawahi kunipa hongera hata moja.

Basi Jumatatu hiyo nikakaa, nikabonyeza. Feni zikazunguka, picha ikaja, nikaanza kuandika jina la baba. Baada ya dakika kumi, zima. Nikawasha tena. Dakika tatu, zima. Mara ya tatu haikuleta hata picha. Ikatoa milio mitatu mifupi ya kitoto, ikanyamaza.

Nilikaa nikiitazama. Jumamosi nilikuwa nimeipeleka kwa fundi wa pancha, kwenye barabara ya kuelekea bandarini, aipulize vumbi kwa kompresa yake ya matairi, kama tunavyofanya sote hapa mjini. Vumbi la Juba halitoki kwa kitambaa. Ilikuwa safi, inang'aa. Jumapili Injinia amekuja, na wakati nachemsha chai, mama yuko uani, amekaa sebuleni peke yake na mashine yangu, hatua mbili tu. Jumatatu mashine inakufa. Nikageuza kasha: skrubu moja ya ubavuni haipo. Sasa hapo unahitaji polisi wa kukuelezea?

"Ameigusa," nikamwambia mama.

"Nani?"

"Huyo mwanao mpole aliyekunywa chai."

Mama akasema nisimsingizie mtoto wa watu. Nikafyonza, nikavua pete, nikachukua bisibisi.

Jumanne yote nilikuwa sakafuni. Milio mitatu ni malalamiko ya memori, kwa hiyo nilichomoa vijiti vyote viwili vya memori, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya shule, nikarudisha kimoja, nikawasha. Kimya. Nikahamisha kwenye tundu la pili. Ikawaka, roho ikanitua, dakika nne baadaye ikazima. Nikajaribu cha pili. Milio mitatu. Nikang'oa kila kisichohitajika, diski, feni ya mbele, nyaya za pembeni, ili nione ni nani kati yao anayenifanyia uhuni. Bila hivyo vyote ikakaa dakika sita, ikazima vilevile. Kila ilipozima nilimwona Injinia ameshika kiuno anacheka, na kila nilipomwona nilimtukana kwa lugha zote ninazozijua.

Mwenye akili atasema: toa diski, ipeleke kwenye laptopu ya jirani. Nilijaribu. Inahitaji waya wake maalumu, na mahali pekee nilipojua pana waya huo, tena pana pawa saplai ya kuazima, ile boksi inayoingiza stima kwenye mashine, ili nijue kama yangu ndiyo mbovu, ni kwa Injinia. Jumatano nikameza mate, nikapanda boda mpaka Buluk.

Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima na alikuwa amekaa kwenye mwanga wa mlango akijipepea na kipande cha katoni. Mashine za wateja zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, migongo imeelekea kwetu, na kila mgongo ulikuwa na kipande cha tepu nyeusi mahali pale pale. Ni tabia ya mafundi wote wa Juba. Nyuma ya pawa saplai nyingi tulizo nazo hapa kuna swichi ndogo nyekundu. Upande mmoja imeandikwa 230, ndiyo stima yetu. Upande wa pili 115, stima ya nchi za watu wengine. Mtoto akiichezea, au mfagiaji akiisukuma kwa ufagio ikalala 115, siku stima ikirudi utasikia paa! na moshi. Kwa hiyo fundi akishika mashine ya mtu, kitu cha kwanza anaiziba swichi ile kwa tepu. Injinia alikuwa ameziba za watu wote. Ya kwake mwenyewe, juu ya meza, ile iliyokuwa na kijitabu chake, haikuwa na tepu. Yeye ni Injinia bwana, nani atamgusia?

Nikamweleza shida yangu. Akasikiliza huku anatabasamu.

"Kuazimisha siwezi," akasema. "Leta mashine yote, nitaitazama wiki ijayo. Au Ijumaa imebana?"

"Umeifanya nini kompyuta yangu?"

"Mimi?" Akacheka, mkono kiunoni, kama nilivyojua. "Dada, nilikwambia hii si kusuka nywele."

Mteja akamwita kutoka nje, akainuka. Nikabaki peke yangu na mgongo wa mashine yake. Nilinyoosha mkono, nikasukuma ile swichi kwa ukucha mpaka ikasema tak, ikasoma 115, nikarudisha mkono kwenye mkoba wangu. Alipogeuka nikamwambia haya kaka, tutaonana kwenye karama. Njia nzima ya kurudi Atlabara nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kanisani, na sioni aibu kusema hivyo.

Alhamisi asubuhi nikafanya nilichokuwa nakiogopa: nilifungua skrubu zote na kuitoa bodi kubwa nzima kwenye kasha. Nikaigeuza juu ya meza, nikaona. Tope. Tope jekundu lililokauka, kama lile la kwenye magurudumu, limejisokomeza kati ya miguu ya tundu la memori na chini ya plagi kubwa ya pawa. Kompresa ya fundi wa pancha! Msimu wa mvua tangi lake linajaa maji, na mwenye tairi hajali maji. Alichopuliza Jumamosi kilikuwa maji na vumbi pamoja, na mimi mjenzi hodari nimesimama pembeni namwambia, ongeza, ongeza. Hata ile skrubu nikaikumbuka. Fundi aliitia mfuko wa shati, ikabaki naye.

Kwa hiyo Injinia hakuigusa kompyuta yangu. Nilisimama na bodi mkononi nikijaribu kujisikia vibaya, na nikajisikia vibaya kidogo. Nilishika simu. Stima ilikuwa haijarudi Buluk, na kwetu pia ilikuwa imekatika usiku. Dakika moja ya kuongea ingetosha, kaka, kabla hujawasha tazama swichi yako. Nikatafuta namba yake na juu yake palikuwa na kile kijitabu alichonitumia, muuguzi, baada ya dereva. Kuhusu mashine hakuwa na kosa. Kuhusu mama yangu alikuwa nalo, tena zima. Nikaiweka simu kifudifudi kwenye meza.

Niliosha bodi kwa spiriti na mswaki mpya, jino kwa jino, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Mama alinipa ungo wake, nikaianika juani juu ya kitambaa, na yeye mwenyewe akakaa kando akifukuza kuku. Saa nne stima ikarudi, kwetu na Buluk. Nikafunga kila kitu, nikabonyeza. Mlio mmoja tu, ule mzuri. Saa nzima ikapita haijazima. Picha ya mahari ikafunguka, mama na gauni lake la kuazima, nikamwita aje aone.

"Baba yako alikuwa mwembamba," akasema, akagusa kioo.

Saa tisa alasiri Injinia akabisha hodi. Shati lake lilinuka plastiki iliyoungua. Mkononi alikuwa na diski ndani ya mfuko wa nailoni, kaishika kwa mikono miwili.

"Mashine yangu imeungua," akasema. "Ilipiga paa, ikaondoka na fyuzi ya nguzoni. Duka zima halina stima mpaka wiki ijayo."

"Malesh, pole sana," nikasema, na ndani yangu nilikuwa nacheza ngoma.

"Baba mdogo anasema kitabu ni chako sasa. Lakini picha za mama yangu zote ziko hapa, zile za kwenye simu ni ndogo, hazichapiki. Bila hii diski mama hatakuwa na picha hata moja." Akaninyooshea mfuko. "Naomba uchomeke."

Sikiliza. Siku tano nilikuwa nimeota jambo hili na halikuwahi kuja tamu hivyo. Ningeweza kufunga mlango. Ningeweza kumwambia alete wiki ijayo. Nilikumbuka ile "Ijumaa imebana" yake, nikatabasamu kama yeye.

"Mimi si mwenye nyumba," nikamwambia. "Mwombe mama. Na ukimwomba, umwambie kwanza yeye ni nani kwa baba yako."

Alisimama mbele ya mama yangu na ule mfuko. Mama akaendelea na mchele wake.

"Wewe ni mke wa baba," Injinia akasema.

"Sauti," nikasema nyuma yake.

"Ni mke wa baba yangu."

Mama akainua uso. "Najua, mwanangu," akasema. "Kaa, unywe chai." Mama ana kipaji cha kuniharibia shughuli.

Nilimwacha anywe, halafu nikamwambia achomeke diski yake mwenyewe. Alipiga magoti nyuma ya meza, akakaa huko kitambo akihangaika na nyaya, mimi nimesimama na mikono kifuani nafurahia nyayo zake. Alipotoka nikamkalisha kwenye kibodi, nikafungua ukurasa wa pili, nikamwambia aandike. Mtu anayeandika haraka kuliko mtu yeyote Buluk, siku hiyo alitafuta kila herufi. Mke wa kwanza, jina la mama yake, na picha. Mke wa pili, jina la mama yangu, na picha ya mahari. Nilisimama nyuma yake mpaka nukta.

"Imetosha?" akauliza.

"Nitakwambia," nikasema.

Haikutosha. Alipoondoka nilifungua ukurasa wa mwisho, ule wa shukrani, na pale pale alipokuwa amemweka mama yangu, baada ya dereva wa ambulensi na kabla ya wapishi, nikaweka jina la Injinia. Fundi wa kompyuta, nikaandika. Ijumaa saa tano kitabu kilikuwa mikononi mwa baba mdogo, akapekua mpaka kwenye picha ya mahari, akasema, "Sasa hii iko sawa," na huko mwisho hakufika.

Siku ya karama mama yangu alikaa mbele, mkeka mmoja na mama mkubwa, kijitabu kimefunguliwa ukurasa wa pili juu ya magoti. Hakukifunga hata wakati wa kula. Mwanamke mmoja mgeni alimuuliza yeye ni nani, na mama hakujibu kwa mdomo, aliweka kidole kwenye picha. Nililia, nakubali. Kisha nikamtafuta Injinia kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na masufuria, amefika ukurasa wa mwisho. Alisoma, akanitazama, akakikunja kijitabu akakitia mfukoni. Nikasema moyoni, utajua hujui.

Wiki moja baadaye nilivuta kasha kutoka ukutani nilifute vumbi kwa brashi. Kompresa nimeapa sitaki kuisikia. Nyuma yake, kwenye pawa saplai, juu ya swichi nyekundu, palikuwa na kipande cha tepu nyeusi, kimekatwa vizuri, kimebanwa kwa dole gumba kwenye pembe zote nne. Tepu mimi sina. Sijawahi kuweka.

Nilipiga magoti pale pale alipopiga yeye. Alijua. Alipokuja Alhamisi na diski yake alikuwa ameshaitazama mashine yake iliyoungua, ameshaona swichi imelala upande gani, na ameshakumbuka ni nani aliyebaki peke yake dukani. Alijua alipomwambia mama yangu yale maneno, alijua nilipomwambia sauti. Alikuwa nyuma ya meza yangu, kidole kiko pale, mimi nimesimama nafurahia nyayo zake, na Ijumaa haijafika. Angeweza kuisukuma kama nilivyoisukuma yake. Nilibandua pembe ya tepu nione. 230.

Mama akauliza kutoka mlangoni kuna nini.

"Vumbi," nikasema.

Nilikaa sakafuni na ile tepu imenata kidoleni, na hasira iliyonipanda ilikuwa kubwa kuliko ile ya muuguzi. Ukurasa wa mwisho umeshachapwa, umeshagawiwa, uko kwenye masanduku ya watu pamoja na vyeti vya ubatizo. Mpaka leo nikipita Buluk ananisalimia kutoka mlangoni mwake, mbele ya wateja: "Dada, mashine inaendelea?" Namjibu inaendelea, na natembea haraka.